Mapumziko Katikati ya Tiba ya Saratani: Jinsi ya Kuurudishia Mwili Nguvu

Mgonjwa akimaliza dripu na kuambiwa arudi baada ya wiki tatu, au akiambiwa dawa zinasimama kwanza, mara nyingi huondoka na vitu viwili tu: tarehe ya kurudi na vidonge vya kuzuia kutapika. Siku zilizo katikati anaachiwa yeye na watu wa nyumbani kwake. Mwongozo huu ni wa siku hizo. Kwangu mimi zina uzito sawa na siku ya dripu, kwa kuwa ndizo zinazoamua iwapo utarudi na mwili unaoweza kuipokea dozi inayofuata kamili na kwa wakati wake, au utapimwa damu na kurudishwa nyumbani.

Yaliyomo humu yanasaidiana na maelekezo ya daktari wako, hayashindani nayo. Yakigongana, shika ya daktari. Yeye ndiye anayelijua faili lako.

Hatua ya 1: Jua umepewa mapumziko ya aina gani

Mapumziko hayafanani, na usipojua yako ni ya aina gani utajitia hofu bure au utajiachia kupita kiasi.

Yapo yaliyomo ndani ya ratiba yenyewe. Dawa nyingi za tibakemikali hutolewa kwa mizunguko ya siku 14, 21 au 28, na sehemu kubwa ya mzunguko ni siku zisizo na dripu. Dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani zimo, lakini zimo pia za uboho ndani ya mifupa, za utando laini wa mdomo na utumbo, na za mizizi ya nywele. Seli zenye afya hujikarabati vizuri kuliko zile za saratani, na siku za katikati ndizo zinazozipa nafasi hiyo. Hata mionzi ina mapumziko yake: kwa kawaida hutolewa siku tano za juma, mbili zikaachwa.

Yapo ya kucheleweshwa. Umefika siku yako, umepimwa damu, unaambiwa urudi wiki ijayo. Mara nyingi ni seli nyeupe za aina ya nutrofili, zile zinazopambana na vijidudu, ndizo zilizoshuka, au chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kiwango kinachoruhusu dozi hutegemea dawa na kituo, lakini wengi husubiri nutrofili zifike 1,000 hadi 1,500 kwa kila mikrolita ya damu, na chembe sahani 75,000 hadi 100,000. Inauma kurudishwa ukiwa umeshajiandaa moyo na mfuko. Hata hivyo, kupewa dawa juu ya damu iliyoshuka kunaweza kukuua kabla saratani haijafanya lolote, na anayekurudisha nyumbani siku hiyo anakulinda.

Yapo ya kuvuka kutoka tiba moja kwenda nyingine: kutoka tibakemikali kwenda upasuaji, ambapo husubiriwa wiki kadhaa ili damu ipande, au kutoka upasuaji kwenda mionzi, ambapo kidonda kinatakiwa kifunge kwanza. Na yapo yanayoitwa likizo ya tiba. Haya hupewa baadhi ya wagonjwa ambao saratani yao imesambaa lakini imetulia, kwa mfano ya utumbo mpana, au ya tezi dume inayotibiwa kwa sindano za homoni. Dawa husimamishwa, mgonjwa hufuatiliwa kwa vipimo, na tiba hurudishwa vipimo au dalili zikionyesha kwamba ugonjwa unaanza kukua.

Aina moja haimo katika mwongozo huu: mgonjwa kuacha mwenyewe, kimya kimya, kwa sababu amechoka, nauli imekwisha au amesikia habari za dawa nyingine. Katika mionzi hasa, kukatisha kunagharimu. Kwa saratani ya shingo ya kizazi lengo ni tiba nzima ikamilike ndani ya wiki 8, na kwa saratani za kichwa na shingo nako kila siku inayorefusha tiba hupunguza uwezekano wa kupona. Ikiwa huwezi kuendelea, nenda ukaseme hivyo. Dozi inaweza kupunguzwa, dawa ikabadilishwa, kichefuchefu kikatibiwa kwa njia nyingine. Daktari hawezi kusaidia jambo asiloambiwa.

Kabla hujaondoka kliniki uliza mambo haya na uyaandike: mapumziko ni ya nini, yanaisha lini, kipimo gani kitasema kwamba yameisha, dawa zipi niendelee kumeza, na nikizidiwa usiku nipige namba gani. Hilo la dawa lishikilie. Watu husikia "dawa zimesimama" wakaacha zote, pamoja na za presha, za kisukari, za kufubaza virusi vya UKIMWI na vidonge vya homoni. Vilevile, kama una mrija uliowekwa mshipani kwa muda mrefu, uliza nani atausafisha na kila baada ya siku ngapi, maana hauna likizo.

Hatua ya 2: Siku tatu za kwanza, usipambane

Baada ya dripu dawa hutoka mwilini kwa mkojo, kinyesi na matapishi, na kwa dawa nyingi hilo huendelea kwa saa 48, nyingine hadi 72. Katika muda huo funika choo unapovuta maji, nawa mikono vizuri, na anayekuuguza avae glavu anaposafisha matapishi au kubadilisha shuka zilizochafuka. Shuka hizo zifuliwe peke yake. Kunywa maji mara kwa mara kwa kiasi kidogo kidogo, isipokuwa kama umepewa kikomo kwa sababu ya moyo au figo.

Vidonge vya kichefuchefu vimeze kwa saa zilizoandikwa, hata kama tumbo limetulia. Kuzuia kichefuchefu ni rahisi. Kukituliza kikishapanda ni kazi. Baadhi ya dawa, sisplatini ikiwa mfano mkubwa, huleta kichefuchefu cha kuchelewa kinachoweza kuendelea hadi siku ya tano, kwa hiyo kujisikia vizuri siku ya kwanza si ruhusa ya kuacha vidonge.

Ukipewa deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayosaidia kuzuia kutapika, imeze asubuhi ikiwa maelekezo yanaruhusu, la sivyo utakesha. Na ujue kwamba siku moja au mbili baada ya kuimaliza wengi huanguka ghafla: nguvu zinakwisha, moyo unazama, machozi yanakuwa karibu. Waambie watu wa nyumbani mapema kwamba siku hiyo itakuja na itapita.

Choo kigumu huanzia hapa pia, kwa kuwa ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, na dawa za maumivu za jamii ya mofini hufunga tumbo. Usingoje siku ya nne. Omba dawa ya kulainisha choo siku ile ile unayopewa dawa hizo. Lakini usipige enema wala kuweka dawa ya njia ya haja kubwa bila kumuuliza daktari, kwa sababu mchubuko mdogo huko, kinga ikiwa chini, ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu.

Hatua ya 3: Siku za kinga kushuka, hapa usicheze

Hii ndiyo hatua ninayoomba isomwe na kila mtu wa nyumba hiyo.

Nutrofili huishi muda mfupi sana katika damu, saa hadi siku chache. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Seli nyekundu huishi takribani siku 120. Kwa hiyo uboho ukipigwa na dawa, seli nyeupe ndizo zinazokwisha kwanza. Kwa dawa nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kisha hupanda kuelekea siku ya 21 au 28. Upungufu wa seli nyekundu huja polepole, mzunguko juu ya mzunguko, na ndiyo maana uchovu wa mzunguko wa nne si uchovu wa ule wa kwanza. Chukua kalenda, hesabu tangu siku ya dripu, uzungushie siku hizo duara ili hata asiyejua kusoma faili aone.

Nunua kipimajoto kabla hujakihitaji. Jipime ukijisikia vibaya, ukitetemeka kwa baridi au uso ukiwaka. Ikifika nyuzi 38 au zaidi, piga namba uliyopewa au nenda hospitali muda huo huo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama unajiona mzima. Ukipima kwapani kumbuka kwamba joto la hapo husoma chini kidogo kuliko la mdomoni. Usimeze parasetamoli kwanza "kuona kama itashuka". Itashuka, na itakuficha hatari. Mtu asiye na nutrofili hatoi usaha, kidonda chake hakivimbi sana, kikohozi chake hakina makohozi mengi. Mara nyingi homa ndiyo dalili pekee inayobaki. Maambukizi hayo yanaweza kumwangusha mtu ndani ya saa chache. Ukifika mapokezi usianze na historia ndefu. Sema: "Natibiwa saratani, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, nina homa." Hospitali zinazofuata taratibu hulenga kuanza antibiotiki ndani ya saa moja.

Kutetemeka kwa nguvu bila homa kuchukulie vivyo hivyo. Dalili nyingine za kukimbilia hospitali ni kupumua kwa shida au maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kwa kuwa saratani na baadhi ya tiba zake huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, damu isiyokoma puani au kwenye fizi, choo cheusi kama lami, vidoadoa vyekundu kwenye ngozi, kuchanganyikiwa, kutapika kiasi cha kushindwa kuzuia hata maji, na maumivu mapya ya mgongo yanayoambatana na miguu kuishiwa nguvu au mkojo kuziba. Hilo la mwisho haliwezi kungoja asubuhi. Uti wa mgongo ukibanwa, saa ndizo zinazoamua kama mtu atatembea tena.

Kujikinga kwenyewe si jambo gumu: mikono inawiwe kwa sabuni na kila anayeingia, mwenye mafua asije, nyama na mayai viive hadi ndani, maziwa yachemshwe, matunda yaoshwe vizuri. Hakuna haja ya kujinyima matunda na mboga zote mbichi zilizooshwa. Ule mlo mkali wa zamani uliokataza kila kibichi haujaonyesha kwamba unapunguza maambukizi, na umewanyima wagonjwa wengi kitu pekee walichokuwa na hamu nacho. Fuata tu walichokuambia kliniki kwako. Tumia mswaki laini, nyoa kwa mashine na si wembe, vaa glavu ukishika udongo. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki usizimeze kwa hiari yako. Zinadhoofisha chembe sahani ambazo tayari ni chache. Ila kama daktari amekuandikia aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache kabla ya kumuuliza.

Hatua ya 4: Mdomo kwanza, kisha chakula

Asiyeweza kumeza hawezi kujenga mwili, kwa hiyo anza na mdomo. Sukutua mara nne au zaidi kwa siku kwa maji ya uvuguvugu, kama robo lita, yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu kijiko cha chai cha magadi soda ya kupikia (sodiamu baikaboneti), kisha suuza kwa maji matupu. Dawa za kusukutua zenye kilevi ziache, zinachoma na kukausha. Ukiona utando mweupe ulimini unaoacha wekundu ukiukwangua, huo huenda ni ukungu na una dawa yake, nenda ukaonyeshe. Vidonda vikikuzuia kunywa, omba dawa ya ganzi ya mdomoni ya kutumia kabla ya kula.

Kuhusu chakula nitasema wazi: mapumziko si wakati wa kufunga wala wa kujaribu mlo wa kuponya. Kauli kwamba sukari hulisha saratani, kwa hiyo mgonjwa asile wanga, imewakondesha watu waliokuwa na nguvu za kumaliza tiba. Kila seli ya mwili hutumia sukari, na ukiacha kula mwili huchukua misuli yako kuitengeneza. Wataalamu wa lishe ya wagonjwa wa saratani hushauri zaidi ya gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikiwezekana hadi 1.5. Mtu wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 90. Yai moja lina takribani gramu 6, hivyo unaona kwamba haitoshi kuongeza yai moja asubuhi. Protini iwepo kwenye kila mlo, iwe samaki, kuku, maziwa, maharage, dengu au karanga. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kiwango chake kwanza.

Kula kidogo mara sita badala ya sahani kubwa mara tatu ambazo zinakukatisha tamaa ukiziona tu. Weka mlo mkubwa kwenye saa ya hamu, ambayo kwa wengi ni asubuhi. Chakula kikiwa na ladha ya chuma, tumia kijiko cha plastiki au cha mbao, ongeza ndimu ikiwa mdomo hauna vidonda, na ujaribu chakula kilichopoa, kwa sababu harufu ndiyo inayofukuza wengi na chakula cha moto hunukia zaidi. Wapikaji nao wasichukie sahani ikirudi imejaa. Kumlazimisha mgonjwa kula kunageuza kila mlo kuwa ugomvi.

Jipime uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile, mizani ile ile. Kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia ni jambo la kumwambia daktari na si la kusubiri lipite.

Ukiharisha mara nne au zaidi juu ya kawaida yako kwa siku, piga simu, na uanze kunywa maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Hapa kuna tahadhari kwa wanaotibiwa kwa dawa za kuamsha kinga: madhara yake yanaweza kutokea wiki au miezi baada ya dozi ya mwisho. Kuharisha, kikohozi kipya, vipele au kichwa kuuma sana wakati wa mapumziko vinaweza kuwa kinga inayoshambulia mwili wenyewe, na tiba yake ni tofauti kabisa na ya kuharisha kwa kawaida.

Mitishamba na vidonge vya virutubishi visiingie bila daktari kuambiwa jina lake. Balungi, kwa mfano, hubadilisha jinsi mwili unavyovunja dawa kadhaa za saratani, na dozi kubwa za vitamini si salama kwa kila tiba. Mwambie hata kama unahisi atakasirika.

Hatua ya 5: Uchovu hautibiwi kwa kitanda

Uchovu wa saratani si ule wa mtu aliyelima au aliyekesha. Unalala kwa muda wa saa kumi, unaamka umechoka vile vile. Ndugu wakiona hivyo husema "lala zaidi", kwa upendo kabisa, na ushauri huo ndio unaomlaza mtu moja kwa moja. Misuli isiyotumika hupungua ndani ya siku chache, kisha hata kwenda bafuni kunakuwa safari, na uchovu unaongezeka. Kati ya tiba zote zilizojaribiwa kwa uchovu huu, mazoezi mepesi ni miongoni mwa zilizothibitika vizuri zaidi.

Anza chini ya uwezo wako. Siku za kwanza baada ya dripu, kukaa kwenye kiti badala ya kitandani wakati wa kula kunatosha. Kisha tembea dakika tano, mara mbili kwa siku, uwanjani au hata chumbani. Ukimudu siku tatu, fanya saba, kisha kumi. Kipimo ni hiki: uweze kuongea ukiwa unatembea, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa mazoezi na saratani lilipendekeza dakika 30 za mazoezi ya wastani mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli mara mbili. Hapo ni pa kuelekea, si pa kuanzia. Kwa misuli, kuketi na kusimama kutoka kwenye kiti mara tano, ukapumzika, ukarudia, ni zoezi kamili la mapaja na halihitaji kifaa.

Usifanye mazoezi siku ya homa, ukiwa na kizunguzungu, ukihema ukiwa umekaa, au ukiwa umeambiwa damu au chembe sahani ziko chini sana. Kama saratani imefika kwenye mifupa, muulize daktari kabla ya kunyanyua kitu kizito au kujipinda.

Kuna mtego mmoja ambao karibu kila mgonjwa huingia. Siku ya kwanza ya kujisikia vizuri anafua, anapika, anapokea wageni, anapanga kabati. Kesho yake haamki, na keshokutwa pia. Jipangie jambo moja kubwa kwa siku, liweke kwenye saa zako za nguvu, na uishie hapo hata kama bado una nguvu. Oga ukiwa umekaa. Kata mboga ukiwa umekaa. Usingizi wa mchana uwe chini ya nusu saa, usiingie jioni, ili usiku ubaki na kazi yake.

Uchovu ukizidi kila wiki badala ya kupungua, usiuite kawaida. Damu inaweza kuwa imepungua hadi kuhitaji kuongezwa, tezi ya shingo inaweza kuwa imelegea, maumivu yanaweza kuwa hayajatibiwa, au ni sonona. Yote hayo yana tiba.

Hatua ya 6: Mikono, miguu na ngozi

Dawa kama paklitakseli, oksaliplatini na vinkristini huumiza neva za vidole: ganzi, kuchomachoma, vifungo kutofungika. Oksaliplatini ina tabia ya kuzidisha ganzi hata miezi miwili au mitatu baada ya kuachwa, kwa hiyo ikizidi ukiwa mapumzikoni usidhani ni ugonjwa umerudi, lakini itaje kliniki, kwani dozi inayofuata hupangwa kwa kuiangalia. Nyumbani, pima joto la maji kwa kiwiko, vaa viatu vinavyofunika vidole, kagua nyayo kila jioni, na uondoe mazulia yanayoteleza.

Ngozi iliyopigwa mionzi huwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho, kisha hupona. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ikaushe kwa kugusagusa, ivalie nguo pana za pamba, ikinge na jua. Usitoe alama walizokuchorea kama tiba haijaisha.

Hatua ya 7: Tumia wiki nzuri kwa yaliyoahirishwa

Wiki ya mwisho kabla ya dozi ijayo kwa kawaida ndiyo bora. Jino linalouma lishughulikiwe hapo, baada ya daktari wa saratani kuthibitisha damu imepanda, na mwenye kutumia dawa za kuimarisha mifupa aseme hivyo kabla jino halijang'olewa, kwa sababu taya linaweza kushindwa kupona. Uliza pia kuhusu chanjo ya mafua. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa hazifai katika kipindi cha tibakemikali. Kama unasubiri upasuaji na unavuta sigara, kuacha angalau wiki nne kabla hupunguza matatizo ya kidonda na mapafu.

Mapenzi hayakatazwi kwa sababu ya mapumziko, ila mimba iepukwe kwa njia ya uhakika. Hedhi kukatika si kinga, na dawa zinaweza kudhuru mtoto hata wiki kadhaa baada ya dripu. Kondomu itumike hasa siku za kwanza.

Na wiki hii iwe na jambo moja lisilohusu ugonjwa kabisa. Nenda ulipotaka kwenda, mwite rafiki unayecheka naye. Hilo nalihesabu kuwa sehemu ya tiba.

Hatua ya 8: Hofu ya siku zisizo na dawa

Wengi huogopa zaidi wakiwa hawapati dawa kuliko wakiwa wanapata. Kila maumivu ya nyonga huwa saratani inayokua. Hofu hiyo ni ya kweli na haiondolewi kwa kuambiwa "usiwaze". Inapungua ukijua nini kinafuatiliwa: ni kipimo gani, lini, na kwa nini daktari ameona muda huu ni salama. Omba miadi fupi ya simu katikati ya mapumziko kama kliniki yako inaweza. Maumivu mapya yaandike. Yakidumu zaidi ya wiki mbili au yakizidi, piga simu bila kujiona msumbufu.

Punguza mzigo wa kusimulia. Chagua mtu mmoja wa familia awe ndiye anayetoa habari kwa wengine, ili usirudie hadithi ya damu yako kwa kila anayepiga. Ukiona wiki mbili zinapita bila hamu ya chochote, usingizi umekata, au unawaza kwamba afadhali usiwepo, sema siku hiyo hiyo kwa mtu wa karibu na kwa daktari.

Hatua ya 9: Kurudi ukiwa na daftari

Damu hupimwa siku moja hadi tatu kabla ya dozi, kwa hiyo usiache hadi asubuhi ya dripu kama kituo kinaruhusu mapema. Nenda na daftari lenye tarehe, joto ulilopima, uzito, siku za kutapika au kuharisha, na ulichoweza kufanya. Wapo wagonjwa wanaoficha ganzi au vidonda vya mdomoni wakiogopa dozi itapunguzwa. Naomba usifanye hivyo. Daktari akipunguza dozi kidogo leo anaweza kuokoa vidole vyako na bado ukamaliza tiba. Akiitoa kamili juu ya madhara asiyoyajua, huenda dawa hiyo ikaachwa moja kwa moja.

Kama umecheleweshwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya nutrofili, uliza kuhusu sindano ya kuuchochea uboho, kama filgrastimu, ambayo huanza kuchomwa siku moja hadi tatu baada ya dripu. Huleta maumivu ya mifupa kwa siku kadhaa, hasa nyonga na mgongo, maana uboho unafanya kazi kwa nguvu. Jua kabla, ili yasikutishe.

Na kila unapopimwa omba nakala ya majibu, uibandike kwenye daftari kando ya maelezo ya mzunguko huo. Kufikia mzunguko wa tatu utakuwa unaziona siku zako za kushuka na za kupanda kwa macho, na utajua ni wiki ipi ya kumwita fundi, ipi ya kusafiri, na ipi ya kufunga mlango na kuweka kipimajoto kando ya kitanda.